Msomaji Kabla ya Msahihishaji: Kuwalea Wenzetu wa Mwaka wa Kwanza katika Uandishi wa Kisheria

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria wa mwaka wa pili na wa tatu waliokubali kuwa walezi wa uandishi, Unguja

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa wahadhiri, viongozi wa wanafunzi, na nyinyi wanangu mliokubali kuwalea wenzenu wa mwaka wa kwanza katika uandishi wa kisheria, nakushukuruni kwa kunialika. Nimekuja na neno moja, nalo ni kwamba mwanafunzi anayeanza sheria anahitaji msomaji kabla ya kuhitaji msahihishaji, na kwamba msomaji huyo, katika chuo hiki na vyuo vinavyofanana nacho, hawezi kuwa mwengine ila nyinyi.

Nilivuka kutoka Mkoani kuja Unguja kusoma sheria nikiwa na matokeo mazuri ya kidato cha sita, na maisha yangu yote ya skuli nilikuwa nikisifiwa kwa insha zangu. Kazi yangu ya kwanza ya chuo ilirudi ikiwa na alama ya chini kuliko zote nilizowahi kupata, na pembeni mwa ukurasa wa pili palikuwa na neno moja kwa wino mwekundu: "Haieleweki." Niliisoma kazi ile mara nne, na kila nilipoisoma niliiona inaeleweka, kwa sababu aliyekuwa akiisoma ni yule yule aliyeiandika, na kila palipokuwa na pengo akili yangu ililijaza bila ya mwenyewe kujua. Nilikaa nayo dakhalia siku tatu bila ya kumwambia mtu. Siku ya nne dada mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akilala chumba cha jirani, alinikuta nayo mkononi. Hakuniuliza nimepata ngapi. Alisema, "Hebu nisomee aya ya mwanzo, kwa sauti." Nikasoma. Akaniuliza, "Sasa hapa nani anamdai nani, na anamdai nini?" Nikamjibu kwa sentensi mbili, kwa Kiswahili, bila ya kusita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo uliyonambia sasa hivi, katika karatasi yako yako wapi?" Nikayatafuta. Hayakuwepo.

Mhadhiri aliyeandika neno lile hakunidhulumu, kwani kazi ilikuwa haieleweki kweli. Lakini "haieleweki" ni hukumu, na hukumu humfikia mtu jambo likiwa limekwisha. Yule dada alinipa kitu chengine: alinionesha msomaji akikwama, na mahali hasa alipokwama, wakati mimi bado nina nafasi ya kurudi nyuma na kutengeneza. Miaka mingi imepita, nimeandika hati za madai na hoja za rufaa zisizohesabika, na hadi leo kabla ya kuwasilisha hati yoyote kwa Mrajis wa mahakama huwa naisoma kwa sauti nikijiuliza swali lake lile lile.

Uandishi wa sheria una ugumu wake wa pekee, na ni vyema walezi mkaujua kabla ya kumkalia mwanafunzi mbele yake. Insha ya skuli husomwa na mwalimu ambaye swali analijua na jawabu analijua, na anachotaka kuona ni kama na wewe unalijua. Hati ya madai, hati ya kiapo, maoni ya kisheria kwa mteja, hata barua ya wakili kwa upande wa pili, husomwa na mtu ambaye jambo halijui, ana majalada mengine mezani, na anapaswa kuamua. Hakimu wa wilaya hatakupigia simu usiku akuulize ulikusudia nini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajajua kwamba msomaji wake amebadilika, na kwa hivyo huanza pale alipozoea kuanza: "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, binadamu amekuwa akiishi kwa kufuata sheria." Simlaumu, kwani ndivyo alivyofunzwa na ndivyo alivyotunzwa. Ila itabidi apatikane mtu wa kumwambia kwa upole kwamba hakimu hana haja ya kuumbwa kwa ulimwengu. Ana haja ya kujua mgogoro uko wapi.

Nikupeni mfano wa ardhi, kwa kuwa sote tumekulia katika nyumba ambazo maneno ya shamba hayaishi. Tuseme swali linasema hivi. Mzee mmoja wa Wete alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, akazilima hadi alipofariki. Mtoto wake mmoja alibaki shambani, akapanda mikarafuu mipya na kuihudumia kwa miaka mingi. Ndugu zake waliohamia mjini sasa wanataka shamba liuzwe na fedha zigawiwe. Mwanafunzi ametakiwa amshauri yule aliyebaki. Anaandika: "Kuhusiana na suala hili ni wazi kwamba mtoto huyu ana haki, kwa sababu yeye ndiye aliyehangaika na shamba na mikarafuu ni yake, na si uadilifu kunyang'anywa, hivyo anaweza kwenda mahakamani na mahakama itampa haki yake."

Msahihishaji ataandika "Sheria iko wapi?" na kugeuza ukurasa. Msomaji atakwenda pole pole, neno kwa neno. Atauliza: "Unaposema shamba, unazungumzia ardhi au unazungumzia miti?" Kwa swali hilo peke yake mwanafunzi ameshaingia ndani ya kiini cha mgogoro, kwani kwetu si jambo la ajabu mtu kuwa na miti yake juu ya ardhi ambayo si yake, na mgogoro wa mikarafuu si lazima uwe mgogoro wa udongo ulioiotesha. Kisha atauliza: "Hiyo ardhi mzee alipewa na nani, na kwa sheria ipi?" Hapo mwanafunzi atalazimika kuinuka na kwenda maktaba kutafuta Amri ya 1966 ya ugawaji wa ardhi, na baadaye Sheria Nambari 12 ya 1992, ambayo inaifanya ardhi ya Zanzibar kuwa ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Mwisho atauliza: "Na mahakamani, ni mahakama gani?" Hapo atakutana na Sheria Nambari 7 ya 1994 iliyoanzisha Mahakama ya Ardhi, na akitulia atagundua kwamba swali la nani mrithi na kwa fungu gani lina mlango mwengine kabisa, mlango wa kadhi. Angalieni kilichotokea. Mlezi hakutaja sheria hata moja. Aliuliza kama angeuliza mtu yeyote mwenye akili timamu anayelisoma jambo kwa mara ya kwanza, na ile aya moja imekuwa maoni ya kurasa tatu ambayo mwandishi wake bado ni yule yule.

Wahadhiri wenu wanakufundisheni hatua nne: kulitaja suala, kuitaja kanuni, kuiweka kanuni juu ya mambo yaliyotokea, kisha kuhitimisha. Katika kazi zote za wanaoanza nilizowahi kuzisoma, hatua inayokimbiwa ni ya tatu. Mwanafunzi huitaja kanuni vizuri, pengine kwa nambari ya kifungu, kisha huandika "hivyo" na kuruka moja kwa moja hadi mwisho. Neno "hivyo", pamoja na ndugu zake "kwa hiyo", "ni wazi kwamba" na "bila shaka", ndipo fikra isiyokamilika inapojificha. Mlezi aliye makini huweka kidole chake juu ya kila "hivyo" na kuuliza, "Kwa nini?" Mara nyingi mwanafunzi analo jawabu, na jawabu hilo ndilo lililopaswa kuandikwa. Mara nyengine hana, na hapo amegundua mwenyewe, bila ya kuaibishwa na mtu, kwamba hoja yake haijakomaa.

Kuandika kunafungamana na kusoma, na kwa upande wa kusoma hukumu nina mfano ulio karibu nasi sana. Hakuna kijana wa sheria wa hapa ambaye hajaisikia kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17 dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 2000. Wengi wameisikia vijiweni kabla ya kuisoma, na ndiyo maana muhtasari wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa ni mstari mmoja: "Mahakama ya Rufani ilisema Zanzibar si nchi." Mlezi anayeisikia sentensi hiyo asikimbilie kuingia katika ubishi wa siasa, kwani atapoteza jioni nzima na mwanafunzi hatakuwa amejifunza kitu cha uandishi. Amuulize: "Watu hawa 18 walikuwa wameshitakiwa kwa kosa gani?" Jawabu ni uhaini. "Basi swali lililokuwa mbele ya majaji ni lipi?" Akirudi katika hukumu ataona kwamba swali ni kama kosa la uhaini linaweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kwamba majaji walijibu haliwezi, kwa kuwa uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Yale yaliyosemwa kuhusu hadhi ya Zanzibar yalikuwa njia ya kulifikia jawabu hilo. Mwanafunzi aliyeanza na kauli ya kijiweni sasa ana suala, ana uamuzi na ana sababu ya uamuzi, na hivyo vitatu ndivyo muhtasari wa hukumu.

Kisha mlezi amuulize swali la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi: "Hukumu hii ni ya lini, na baada yake kumetokea nini?" Hapo atafika kwenye Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, yaliyopitishwa mwaka 2010, yaliyoandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Uzito wa hukumu ya 2000 mbele ya maneno ya 2010, na uzito wa maneno hayo mbele ya Katiba ya Muungano, ni mjadala ambao wanasheria wazima wanatofautiana juu yake, na mlezi hana kazi ya kumchagulia mwenzake upande. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwandishi hakuiacha tarehe hata moja nje ya karatasi yake, kwani anayeieleza sheria bila ya tarehe zake humwacha msomaji gizani, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Sasa niseme juu ya soni, kwani hapa ndipo mipango mingi ya namna hii inapokufa. Sisi ni watu wa haya, na haya ni katika sifa zetu njema, lakini chuoni haya humfanya kijana akae na karatasi yake siku tatu chumbani kama nilivyokaa mimi. Mpango ukitangazwa kuwa ni wa "wanafunzi dhaifu", hatakuja hata mmoja, na atakayekuja ataingia kwa mlango wa nyuma na kuondoka kabla ya kuonekana. Tunao mfano wa zamani wa njia iliyo bora kuliko hiyo, nao ni chuo cha Qur'ani. Sote tulipita pale. Maalim alikaa mbele, na mtoto aliyekwisha kupiga hatua aliwekwa amsikilize aliye nyuma yake, akimrudisha pale anapoteleza, na yeye mwenyewe akiwa na mkubwa wake wa kumsikiliza. Hakuna aliyeona aibu kusikilizwa na mwenzake, kwa sababu kila mtoto alisikilizwa. Kusikilizwa haikuwa dalili ya udhaifu. Ndivyo masomo yalivyokwenda.

Wenzetu wa mbali waliifikia busara hiyo hiyo kwa njia yao. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichopo Kansas City nchini Marekani, Deanna Martin alianzisha mpango ambao ndani yake mwanafunzi aliyekwishafaulu somo fulani hurudi kukaa darasani pamoja na wanaolisoma, kisha huendesha vikao vya kujisomea nje ya darasa. Jambo la kulizingatia ni kwamba mpango ule haukuwalenga wanafunzi wenye hatari ya kufeli. Ulilenga masomo yenye sifa ya kuwaangusha wengi, ukawafungulia mlango wote wanaoyasoma, na kwa hivyo kuhudhuria hakukumtia mtu alama usoni. Kwa upande wa sheria, kitivo cha sheria cha Harvard kina bodi ya wanafunzi washauri tangu 1910, na wanafunzi hao wa miaka ya juu hadi leo hushiriki katika kuwafundisha wa mwaka wa kwanza utafiti na uandishi wa kisheria. Chuo chenye maktaba kubwa kiasi kile na maprofesa wengi kiasi kile hakikuona kwamba mwanafunzi mwenza ni mbadala wa bei nafuu. Kiliona kwamba ana kitu ambacho profesa amekwishakipoteza.

Na kitu hicho ni kumbukumbu ya kutojua. Mtu akishakaa na sheria miaka ishirini, maneno kama mamlaka ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha, au mrufani na mrufaniwa humtoka kama jina la mtaa wake, na hawezi tena kuona kwa nini yamchanganye mtu. Nyinyi mliyashika mwaka jana, na bado mnajua mlipoteleza. Nakuombeni sana msione aibu kuisema hiyo kumbukumbu. Mwanafunzi akikwambia kwamba anachanganya hati ya kiapo na hati ya madai, usimwambie "hilo ni jepesi". Mwambie na wewe lilikuchanganya, kama lilikuchanganya, na umwambie lilikufungukaje.

Nakuja kwenye kalamu, na hapa nitakuwa mkali. Usishike kalamu ya mwenzako. Utashawishika kufanya hivyo, kwa sababu sentensi itakuwa mbele yako imepinda na wewe unajua namna ya kuinyoosha kwa maneno sita, na kuandika maneno sita ni haraka kuliko kuuliza maswali matatu na kusubiri. Lakini sentensi uliyoinyoosha wewe ni yako, na wiki ijayo atakuletea nyengine iliyopinda vile vile. Kaeni na karatasi ikiwa upande wake, kalamu ikiwa mkononi mwake, na nyinyi mikono mitupu. Akisema kwa mdomo kitu kilicho wazi kuliko alichoandika, na hilo litatokea mara nyingi kuliko mnavyodhani, mwambieni, "Andika hivyo ulivyosema," kisha nyamazeni hadi amalize. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Nimewaona walezi hodari wakishindwa hapo tu.

Kuna sababu ya pili ya kutoshika kalamu, nayo ni uaminifu. Kazi inayosahihishwa kwa alama ni ya aliyeandika jina lake juu yake, na mlezi aliyeandika aya moja ndani yake amemweka mwenzake katika hatari ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na yeye mwenyewe pamoja naye. Kama mhadhiri wa somo amesema kwamba kazi fulani ifanywe bila ya msaada wa mtu, kazi hiyo isiguswe kabisa, hata kwa kuulizana. Na kama mwanafunzi amekuletea kazi iliyokwisha kupewa alama, usiseme kwamba alama ni ndogo au kubwa. Msome, muulize, na umwache yeye na mhadhiri wake.

Kuhusu lugha nina maneno mengi, na nitayapunguza. Wengi wa vijana wetu wanaelewa kwa Kiswahili na wanaandika kwa Kiingereza, na katika safari ya kutoka huku kwenda kule mambo mengi huanguka njiani. Nimeshuhudia mwanafunzi akiieleza hoja yake kwa Kiswahili kwa ustadi ambao ungemfurahisha jaji yeyote, kisha akaiandika kwa Kiingereza cha kuazima, kilichojaa maneno ya Kilatini asiyoyamudu, hadi hoja ikazikwa. Mlezi amruhusu aianze hoja kwa Kiswahili. Aiseme yote, aipange, aone viungo vyake, ndipo aihamishie katika Kiingereza kwa sentensi fupi anazozimiliki mwenyewe. Wala msidhani kwamba Kiswahili chenyewe hakihitaji kujifunzwa. Mahakama zetu za kadhi husikiliza na kuandika kwa Kiswahili, na madai ya matunzo au ya faskhi, yaani ya kuomba kadhi aivunje ndoa, yaliyoandikwa ovyo humchelewesha mwanamke aliyesimama pale na watoto wake kama ambavyo hati mbovu ya Kiingereza ingemchelewesha mfanyabiashara. Tanzania Bara nako, mabadiliko ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hivyo kijana anayesoma leo ataulizwa kuandika vizuri kwa lugha zote mbili, na asiyeweza kuandika aya iliyo wazi kwa lugha aliyonyonya nayo asitarajie kwamba ya pili itamuokoa.

Wengi watakuja na kazi zilizoandikwa kwa msaada wa akili mnemba, na sitaki mlezi ajifanye hajui. Mwaka 2023, katika mahakama ya shirikisho jijini New York, mawakili wawili na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zilizonukuu kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na programu ya ChatGPT, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca. Walikuwa mawakili wenye uzoefu, si wanafunzi. Kosa lao halikuwa kutumia chombo kipya. Kosa lao lilikuwa kuweka mbele ya jaji kitu ambacho hawakukisoma. Basi mlezi akiona kesi katika karatasi, aseme tu, "Nioneshe hukumu yenyewe." Hukumu zetu zinapatikana bila ya malipo mtandaoni kupitia TanzLII na ZanzibarLII, na mwanafunzi mwenye simu hana udhuru. Akiweza kuifungua na kukuonesha aya aliyoitegemea, muendelee. Akishindwa, kesi hiyo iondoke katika karatasi siku hiyo hiyo.

Huenda mtu akauliza kama haya yote yanastahili Jumamosi za vijana waliochoka. Mwaka 2022 nchi nzima ilishituka iliposikika kwamba katika mitihani ya kundi moja la taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Tanzania, wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu kwa mara ya kwanza, hadi serikali ikaunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Kila upande ulinyoshea kidole upande mwengine. Mimi nilipozisoma takwimu zile nilimfikiria kijana aliyepita miaka minne ya chuo akirudishiwa karatasi zenye "haieleweki", asipate hata siku moja mtu wa kukaa ubavuni mwake na kumuuliza nani anamdai nani. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema ni sababu ambayo iko ndani ya uwezo wetu, hapa, bila ya kusubiri bajeti ya mtu.

Yapo mambo machache ya adabu, na najua mnayajua, lakini yaliyoandikwa hushikwa zaidi. Vikao vifanyike mahali pa wazi: maktaba, barazani, au darasani mlango ukiwa wazi, na pale ambapo binti angependa alelewe na binti mwenzake, apewe bila ya kuulizwa sababu. Mwezi wa Ramadhani vikao visogezwe asubuhi, wakati akili bado iko pamoja na mtu. Mlezi mmoja asichukue zaidi ya wanafunzi wanne, na kikao kimoja kisizidi dakika arobaini, kwani baada ya hapo mlezi huanza kuchoka na mkono wake huanza kuitafuta kalamu. Na udhaifu wa mwenzako uliouona katika karatasi yake ni amana. Mkiwa dakhalia usiku mnazungumza, asitajwe, wala isitajwe sentensi yake hata bila ya jina, kwa sababu mwenyewe ataitambua. Mwenyezi Mungu humsitiri anayemsitiri mwenzake, na mlezi asiyeweza kustiri bora angesema mapema kwamba kazi hii haiwezi.

Mnaanza Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Waambieni wenzenu wasije na kazi nzima. Kila mmoja aje na aya moja, iliyoandikwa kwa mkono, yenye mgogoro ndani yake, na aache nafasi ya mistari miwili kati ya kila sentensi. Mtakapokaa, msiisome wenyewe. Mwambieni akusomeeni, kwa sauti, na mara ya kwanza msimkatize.